Kwa wenye cheti kipya cha kufundisha yoga: acheni kupima watu chakra

Nimechoka kusikia "imeziba". Mwanafunzi akiyumba kwenye vrikshasana, ule mkao wa mti, chakra ya mzizi, kile kituo cha nishati cha chini kabisa mwilini, imeziba. Akichelewesha ada ya mwezi, imeziba. Juzi mmoja wenu kamwambia baba wa watu, mbele ya darasa zima, kwamba goti linamsumbua kwa sababu hajisikii salama duniani. Baba wa watu alianguka na bodaboda. Kaandika kwenye fomu. Wadogo zangu, hizo fomu mnazisoma?

Nawapenda, ndiyo maana nagomba. Haya hayamo kwenye kitini chenu cha mafunzo ya saa 200.

1. Jueni mnachofundisha kimetoka wapi. Sehemu kubwa ya tunayoyasema kuhusu Muladhara, yaani hiyo chakra ya mzizi, inatoka kwenye Sat-Cakra-Nirupana, aliyoiandika Purnananda wa Bengal mwaka 1577, na John Woodroffe akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo Muladhara ni yungiyungi la petali nne nyekundu. Katikati kuna mraba wa manjano ambao ndio ardhi, kuna tembo, kuna bija, yaani silabi takatifu, ya lam, na Kundalini, nishati yenye umbo la nyoka, amelala kajiviringa mara tatu na nusu. Yogi aliijenga picha hiyo akilini, kipande kimoja baada ya kingine. Hakuna panaposema ukikosa kodi ya nyumba petali hujikunja. Kuzisoma chakra kwa jicho la saikolojia ni mambo ya karne ya 20. Mwanasaikolojia Carl Jung alitoa mihadhara yake kuhusu Kundalini huko Zürich mwaka 1932, na mengine yakapachikwa baada yake. Mimi mwenyewe nayatumia, yanasaidia. Ila msimwambie mtu eti wahenga wa India waliyasema miaka elfu tano iliyopita.

2. Miguu kwanza: tadasana, yaani kusimama wima, uzito kwenye kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho, na msione haya darasa likikaa hapo mpaka wachoke.

3. Mula bandha, yaani kubana misuli ya sakafu ya nyonga. Hapa nisikilizeni.

Nilikuwa na mwanafunzi, mama aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Akicheka au kupiga chafya mkojo unamponyoka, na akikaa kitako kwa muda anaumia. Mimi nikafurahi. Kweli kabisa, nilifurahi, maana nilikuwa nimetoka mafunzoni na hatimaye nimepata mtu wa kufanyia kazi ujuzi wangu. Maumivu yako palepale penye Muladhara, nilitaka ushahidi gani tena? Nikampa mula bandha: bana, shikilia, bana tena, asubuhi na jioni, na lam ya kusindikiza. Alifanya kwa utiifu ambao sijauona tena kwa mwanafunzi mwingine.

Akarudi kusema maumivu yamezidi. Nikamwambia ni nishati inaamka. Akasema hata tendo la ndoa limekuwa mateso, na hilo alilisema huku anatazama mkeka. Nikamwambia aachilie hofu. Ninachojilaumu zaidi ni hapo: kila mwili wake uliponiambia kitu, nilikuwa na jibu tayari. Yakizidi, chakra inafunguka, yakipungua, imefunguka. Hakukuwa na namna ya yeye kunionyesha kwamba nimekosea.

Dada yake ndiye aliyempeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kumbe misuli ya sakafu ya nyonga haikuwa imelegea hata kidogo. Ilikuwa imekaza saa zote, haijui kuachia, na misuli ya hivyo huchoka mpaka ikashindwa kuzuia mkojo. Nami nilikuwa namwagiza aikaze zaidi! Alikuja kunieleza bila hasira. Akanionyesha mazoezi aliyopewa, kulala chali, magoti juu, pumzi ishuke mpaka chini, kisha aachie tu. Halafu akauliza kama bado anaruhusiwa darasani. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo anayeumia nyonga au anayevujisha mkojo aende hospitali kabla hujamgusia bandha yoyote.

4. Malasana, mkao wa kuchuchumaa: kunja blanketi, weka chini ya visigino, yaishe.

5. Mtu aliyeachishwa kazi ana hofu kwa sababu ameachishwa kazi. Mpe savasana ndefu, yaani kulala chali na kutulia, mfunike, mwache apumue. Akikwambia usingizi umemtoroka kwa wiki kadhaa na chakula hakipiti, mwelekeze kwa mshauri nasaha, usimwongezee lam.

6. Na hizi chupi nyekundu mnazowashauri watu wavae "kuimarisha mzizi", nani kawafundisha? Nilimuuliza mmoja wenu, akanijibu kwa utulivu mkubwa kwamba rangi ina nguvu yake. Nikamkumbusha kuwa ardhi ya Muladhara ni ya manjano. Akafungua daftari, akafuta, akaandika: chupi za manjano.