Picha ya nyuma ya jicho kwa mwenye kisukari: majibu ya maswali yenu

Naona vizuri hadi herufi za mwisho za chati. Picha ya nini?

Chati hupima kitovu cha retina tu (retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), pale unaposomea. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu kimya kimya, bila maumivu. Alama ya kwanza kwenye picha ni vinundu vya mishipa, nukta nyekundu ambazo nyingi hazizidi mikroni 125 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kwa wakati huo bado unasoma vizuri. Mwenye aina ya 2 hupigwa picha mara tu anapogundulika, maana sukari huenda imekaa mwilini miaka bila kujulikana. Mwenye aina ya 1 ni ndani ya miaka 5. Kisha kila mwaka.

Ripoti yangu inasema damu robo zote 4, na "vena kama shanga" robo 2. Ni mbaya?

Ndiyo, nenda kwa bingwa wa retina sasa, usingoje miadi ya mwaka. Retina hugawanywa robo 4, kisha hufuatwa kanuni ya 4-2-1: madoa mengi ya damu robo zote 4, au vena (mishipa inayorudisha damu) za shanga robo 2, au vimishipa vilivyopindapinda ndani ya retina robo 1. Sharti moja likitimia, umefika hatua kali. Wewe unaelekea kuwa na mawili. Shanga ndizo za kuogopa zaidi: vena inavimba hapa, inabana pale, kwa kuwa eneo kubwa la retina halipati damu. Retina yenye njaa hutoa protini ya VEGF, nayo huotesha mishipa mipya dhaifu, ambayo ikipasuka damu hujaa jichoni. Leza au sindano hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya hapo.

Ukisoma pia "madoa kama pamba", pima na presha. Nayo huyaleta.

OCT, kipimo cha mwanga kinachoonyesha tabaka za retina, imetoa 380. Imezidi?

Imezidi. Hiyo ni mikroni za unene wa duara la milimita 1 katikati ya retina. Kwa mashine ya Spectralis, uvimbe huhesabiwa kuanzia 305 kwa mwanamke na 320 kwa mwanamume. Kwa mashine ya Cirrus ni 290 na 305. Kwa hiyo usilinganishe namba za mashine mbili tofauti. Rudi kwenye ileile. Mwulize daktari pia kama tabaka za ndani bado zinatofautika. Zikiwa zimevurugika, uvimbe unaweza kuisha na uoni usirudi wote.

Napiga picha kituo cha afya, nyingi zinarudishwa kwamba hazisomeki.

Anza na mboni. Muulize mgonjwa kama aliwahi kuambiwa ana presha ya macho. Kama hapana, tone 1 la tropikamidi 1%, dawa ya kupanua mboni, akae chumba chenye giza dakika 20 hadi 30. Asiendeshe gari saa kadhaa baadaye. Kivuli cha chini ni kope: apepese, afumbue sana, inua kigubiko kwa kidole. Doa la kijivu mahali palepale kwa kila mgonjwa ni vumbi la lenzi. Lipulize kwa puto la mpira, kisha karatasi ya lenzi, kamwe si shati. Ukungu kwa mgonjwa mmoja tu, mara nyingi ni mtoto wa jicho: usirudie picha mara kumi, mpe rufaa. Kila jicho lipate picha 2 za nyuzi 45, moja kitovu cha retina, moja pale mshipa wa fahamu wa jicho unapoanzia.