Usinunue wafuasi, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Malindi, unauliza kama ununue wafuasi, maana kila siku unabandika linki za nyimbo zako tatu Facebook na watu wanazipita tu. Usinunue. Wafuasi wa kununua hawasikilizi, na YouTube haikugawii pesa za matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na, kwa video za kawaida, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa hizo utazitoa wapi?

Linki tupu haimvuti mtu. Kata sekunde 15 za kiitikio, pale sauti inapopanda, ujirekodi barazani (si ufukweni, upepo wa kusi utakuharibia sauti ya simu). Maneno ya kiitikio yaandike juu ya video, kwani wengi hutazama simu ikiwa kimya. Ipeleke TikTok, kisha status ya WhatsApp. Hiyo status usiidharau: harusi zetu hupangwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na mama wa bibi harusi atakulipa kabla ya YouTube. Namba ya kazi iweke wazi. Skiza pia ulizia, ile huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia mpigaji simu akingoja kupokelewa.

Anza na ule wimbo wa bango, muziki wetu wa Pwani. Wa Kiingereza uache kwanza.