Maswali ya Wasomaji: Nagona nimeisoma mara tatu

*Shikamoo mwalimu. Mimi nauza duka la dawa muhimu huku Mbagala Kizuiani, zamu ya usiku. Ikishapita saa nne wateja wanapungua, anabaki wa dawa ya mafua na mama mwenye mtoto anayechemka, kwa hiyo huwa nasoma. Mwezi uliopita baba yangu alifariki. Niliporudi kazini nikaanza Kichwamaji ya Kezilahabi, niliyoikuta kwenye boksi la vitabu vya kaka yangu. Nilipofika mwisho, Kazimoto alipojiua, nilifunga kitabu nikakaa natazama jalada mpaka mteja akagonga nondo za dirisha kwa sarafu. Kaka anasema riwaya za falsafa zinachezea akili za watu, niziache. Mimi sikuziacha, nikachukua Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, kwa kuwa ni nyembamba. Nimeisoma mara tatu. Mara mji mkimya, mara Plato, mara Nietzsche, mara ngoma. Sijaelewa. Nauliza: huyu mwandishi alitaka tukate tamaa? Na mtu wa kidato cha nne kama mimi anazisomaje riwaya hizi?*
*Msomaji, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mzazi. Barua yako niliisoma kwenye pantoni nikivuka kwenda Kigamboni, nikairudia tulipofika ng'ambo, hadi muuza kashata akaniuliza kama nimeitwa mahakamani.

Nianze na kaka yako, maana huyo ni mwepesi. Boksi ni la nani? Kama vitabu hivyo vinachezea akili, yeye alivinunulia nini? Msalimie.

Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka saba, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na redio ya baba yangu ilikuwa na jibu la kila swali kuanzia alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku. Katikati ya majibu yote hayo anatokea mtu wa Ukerewe, aliyepitia seminari ya Nyegezi kisha Chuo Kikuu pale Mlimani, anatuandikia habari za msomi kijana asiyejua anaishi kwa ajili ya nini. Kazimoto kasoma, nchi imepata uhuru, kijijini anaonekana ndiye aliyefanikiwa, na ndani hamna kitu. Wewe unaona alitaka tukate tamaa. Mimi naona alituheshimu akatuambia alichokiona, wakati kusema hivyo hakukuwa na faida yoyote kwake.

Lakini sikuliona hilo mapema, na hapa nitubu kidogo. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na kitu. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi swali: eleza sababu zilizomfanya Kazimoto ajiue. Mimi nilikuwa na mwongozo wangu wa kusahihishia, hoja sita, kila moja na alama zake: malezi, mgongano wa tamaduni, elimu ya kikoloni, na kuendelea. Kijana mmoja, mkimya, akaandika ukurasa mmoja tu. Akasema sababu zote hizo Kazimoto mwenyewe anazijua na anaweza kuzipanga vizuri kuliko sisi, na bado hazikumsaidia. Kwa hiyo huenda swali letu si hilo. Nikampa alama tatu kati ya ishirini, na pembeni kwa kalamu nyekundu nikaandika "jibu swali". Karatasi ile sikumbuki ilikwenda wapi. Mwandiko wake naukumbuka, ulilala kushoto.

Ukitaka kumwelewa Kezilahabi, tafuta na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, uziweke mbili hizo juu ya kaunta yako. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na kwa siku sita anasimama barazani akisimulia habari za wajumbe waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Mwisho hoja zinashinda, wafungwa wanafunguliwa. Ukimaliza unajisikia kama mtu aliyetoka kuoga. Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na Shaaban aliamini kwamba ukipanga maneno yako vizuri, mwenye kiti atasikia. Kazimoto hana baraza. Anayemshtaki ni yeye, anayemtetea ni yeye, na hukumu anaitoa yeye.

Mke wangu alipofariki nilijaribu kurudi kwenye Kusadikika, nikashindwa. Ilikuwa safi mno, kila mtu anasema kwa ufasaha, na mimi wiki ile nilikuwa sijui hata sukari inakaa wapi jikoni kwangu. Kichwamaji ndiyo iliyokubali kukaa na mimi. Ila niliachia njiani, kabla ya kurasa za mwisho, kwa makusudi, kwa sababu nilijijua. Hakuna sheria inayosema kitabu lazima kimalizwe. Na wewe, mawazo ya Kazimoto yakianza kuwa yako, si ya kitabuni tena, basi usibaki nayo peke yako hapo dukani usiku. Mwambie mtu, hata huyo mwenye boksi, na umwone daktari. Hapo sisemi habari za fasihi.

Haya, Nagona. Nakala yangu niliinunua juu ya turubai la vitabu vya mtumba kule Posta, kurasa sitini na kidogo, nikajua hii ni ya jioni moja. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa na penseli. Ukurasa wa kwanza kapigia mstari karibu kila sentensi. Wa pili kaandika "ishara?" Mbele kidogo "nani huyu?", kisha "nani??", kisha alama ya kuuliza peke yake, kubwa, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe kabisa, hazijawahi kushikwa. Nilimhurumia. Alikuwa mwanafunzi wangu huyo, hata kama sikumfundisha mimi. Alikuwa akiwinda hoja sita.

Bibi yako alipokusimulia habari za zimwi, uliwahi kumuuliza zimwi linawakilisha nini? Ulimsogelea tu, ukavuta khanga yake. Zimwi lilikuwa zimwi, mtoto alimezwa, kidole kikakatwa wakatoka watu wote na ng'ombe wao, na hukulalamika kwamba hujaelewa. Nagona isome kwa sikio hilo. Msafiri anaingia mji ulionyamaza, ingia naye. Akikutana na Plato, Nietzsche au Freud, wale wanafikra wa Kizungu, wasikupe hofu kwa sababu ya majina. Mle ndani hawakuja kama maprofesa. Wamo kama wazee unaowakuta njiani kwenye hadithi, wale ambao kila mmoja anakuelekeza njia na hakuna anayekufikisha. Soma kwa sauti, ukurasa mmoja kwa usiku, mteja akija acha. Mimi kuna sehemu bado sizielewi, na nimeacha kuona aibu.

Kuhusu kidato cha nne: umesimama nyuma ya nondo usiku kucha, mama wa saa nane anakuuliza kama mtoto atapona, nawe una dawa ya homa tu ya kumpa. Kezilahabi aliyetutoka hapa hapa Dar Januari 2020 alikuwa na shahada ya uzamivu ya Marekani, na swali lake haliko mbali na la huyo mama.

Kichwamaji kirudishe bokisini mpaka arobaini ya baba ipite. Nagona baki nayo.

*Mwalimu, mimi sijawahi kusoma riwaya ya aina hii hata moja na hela ya vitabu sina. Nianze na ipi na niipate wapi?*
*Msomaji, Tabata*

Kusadikika, ni fupi na haitakutisha. Nenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukae usome hapo hapo. Nenda asubuhi, mchana viti vinachukuliwa na wanaojiandaa na mitihani.