Shingo iliyopinda, jini aliyesingiziwa: dawa za kulevya, hofu ya kuandamwa na njia ya kutafuta msaada

SWALI

Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Alianza na bangi, akaingia kwenye unga (heroini), na kwa miezi mitano hii anavuta pia methamfetamini. Wiki tatu sasa halali. Anasema majirani wamemtegea kamera, muadhini anamtaja jina kwenye kipaza sauti, na mama anamtilia sumu kwenye chakula. Hospitali walimpa vidonge vya haloperidoli, siku ya pili shingo ikapinda na macho yakageuka juu. Aliyekuja kumsomea akasema jini amepanda, baba akazitupa dawa. Swala ameacha, anasema haikubaliwi siku 40. Je, ni jini au maradhi? Ana dhambi kwa hali hii? Tunaweza kumtilia dawa kwenye chai? Na hiyo methadoni waliyotutajia, si kilevi kingine?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nianze na shingo, kwa kuwa hapo ndipo matibabu yenu yalipokatikia.

Haloperidoli huziba milango ya dopamini, kemikali ambayo methamfetamini huimwaga kupita kiasi kwenye ubongo na kuzaa hofu za namna hii. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuweka sawa mkazo wa misuli. Ikizibwa ghafla, misuli ya shingo, taya, ulimi au macho hukaza bila mwenyewe kutaka. Kitaalamu inaitwa distonia, na humpata zaidi kijana wa kiume, ndani ya siku nne au tano za mwanzo au pale dozi inapopandishwa. Mgonjwa huwa na fahamu zake na anaumia. Asipoweza kusema vizuri, ni kwa sababu ulimi na taya vimekaza. Anayemtazama huku moyoni ameshaamua kwamba ni jini, ataona jini. Sindano ya biperideni au dawa ya jamii yake hulegeza shingo ndani ya dakika chache hadi nusu saa, kisha hupewa vidonge vya kuzuia isirudi, kama benzeksoli, na daktari hupunguza dozi au huhamia dawa isiyokaza misuli sana kama olanzapini. Kosa halikuwa kumpa dawa. Kosa lilikuwa kutorudi hospitali siku ileile. Ikitokea tena na akaonekana kukabwa koo au kupumua kwa shida, msingoje asubuhi.

Sasa, jini au maradhi? Muislamu haulizwi kama anaamini kuwepo kwa majini, hilo limo ndani ya Qur'ani. Suala ni kama kisa hiki kinahitaji jini ili kielezeke, na mpangilio wenu wa matukio unajieleza wenyewe: methamfetamini miezi mitano, usingizi ukapotea, kisha kamera, muadhini na sumu. Hata mtu asiyetumia chochote akikeshwa usiku wa tatu na wa nne huanza kuona maruerue. Ongeza bangi kali, na tafsiri ya ubongo inapinda: kelele ya kawaida inakuwa ujumbe unaomlenga yeye. Saikosisi (hali ya akili kuona au kuamini yasiyokuwepo) ya aina hii mara nyingi hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha dawa na kulala. Ikiwa mwezi mzima umepita hajagusa kitu na bado anasikia kutajwa, daktari atalitazama upya, kwa kuwa huenda kuna skizofrenia chini yake, ugonjwa wa akili ambao matibabu yake ni marefu. Methamfetamini ina tabia mbaya zaidi: aliyewahi kupata hofu hizi huweza kurudiwa nazo kwa kiasi kidogo tu, au kwa kukesha na msongo bila hata kuvuta.

Hapa watu wetu huchanganya mambo mawili. Mwenye wasiwasi wa udhu hutawadha mara tano na anajua moyoni kwamba anapitiliza. Huja kukuuliza, umtulize. Mwenye hofu ya kuandamwa haulizi. Ana uhakika. Kwa hiyo kumsomea aya ya Suratul Hujurat inayokataza dhana mbaya, mkimwambia “acha kudhania watu, ni dhambi”, hakumsaidii. Aya ile inamsemesha mwenye hiari ya kudhani au kutodhani. Yeye hiari hiyo kwa sasa hana.

Hilo linatuleta kwenye dhambi. Kutumia ni haramu, halina mjadala. Sayyidna Umar alisema juu ya mimbari kwamba khamri ni kile kinachofunika akili, na kwa kipimo hicho wanazuoni waliingiza hashishi na vingine ambavyo Qur'ani haikuvitaja kwa jina. Lakini hukumu ya kutumia si hukumu ya mtu aliyepotewa na akili. Mtume (S.A.W.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili zimrudie. Kwa hiyo swala alizoziacha akiwa amelewa kwa hiari yake atazilipa, ama siku ambazo kilevi kimeshatoka mwilini na akili bado hazipo, hizo hadaiwi. Mpaka uko wapi hasa? Mpelekeeni shekhe tarehe za matukio, si hisia. Mali ya watu aliyoharibu hulipwa kutoka katika mali yake hata kama hakuwa na akili, maana haki ya mwenye mali haifutiki kwa ugonjwa wa mharibifu.

Na hizo siku 40 zimeeleweka vibaya mno, tena si kwake tu. Hadithi ipo, na maana yake wanazuoni wameifafanua: anakosa thawabu, lakini wajibu wa kuswali uko palepale, na akiswali faradhi imemtoka. Hadithi hiyohiyo inaendelea kusema kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humpokea. Anayeacha swala kwa sababu ya hadithi hii ameongeza deni juu ya deni. Lakini msimwambie leo. Mwambieni akishalala na kutulia.

Chai: hapana. Msimtilie dawa kwenye chai wala kwenye uji. Acheni kwanza haki yake ya kujua anachokunywa, tazameni matokeo. Mtu huyu anaamini mama anamwekea kitu kwenye chakula. Siku akiona unga mweupe chini ya kikombe, atakuwa na ushahidi, na ushahidi wa kweli. Baada ya hapo hatakula mkononi mwenu, na daktari pia atakuwa mmoja wa wale wanaomtafuta. Apewe chakula kilichofungwa, au ale sahani moja nanyi, yeye akitangulia kuchagua upande wake.

Kuzungumza naye kuna namna yake. Msibishane na kamera, wala msizikubali. Akisema, “Wameweka kamera dirishani,” jibu linalofaa ni hili: “Mimi sijaziona. Ila naona unaogopa, na najua hujalala siku nne. Twende tukatafute dawa ya usingizi.” Usingizi ndio mlango, kwa sababu hata yeye anajua halali. Hatakubali kwenda kutibiwa uchizi, lakini aghalabu hukubali kwenda kutibiwa kukosa usingizi, na hapo hamjamdanganya. Aongee mtu mmoja, yule anayemwamini zaidi. Msinong'one chumba cha pili, msicheke akipita, msisimame mlangoni mkamzibia njia, msimguse kwa nyuma. Visu na vitu vizito viondolewe mapema, bila kishindo. Na ile desturi ya kumwomba imamu amwombee dua kwa jina msikitini, isimamisheni kwa sasa. Kijana anayesikia jina lake kwenye kipaza sauti, mkalitaja kweli kwenye kipaza sauti, mtakuwa mmemthibitishia.

Hofu ikimfanya aseme atamuua mtu au atajiua, akisikia sauti zinazomwamrisha, akikataa maji siku nzima, akipata degedege, maumivu ya kifua au joto kali, au mwili mzima ukakakamaa kwa homa baada ya kumeza haloperidoli, ni dharura. Mpelekeni hata kama hataki. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu kulazwa bila ridhaa pale mtu anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, kwa uamuzi wa daktari. Minyororo nyumbani au kwenye kituo cha mtu binafsi si kulazwa. Kanuni ya “hakuna kudhuru wala kulipiza dhara” inamhusu na yeye.

Mkifika, msifiche unga. Familia nyingi hutaja bangi, wakauficha unga kwa aibu, na madhara yake huonekana usiku. Saa 8 hadi 24 baada ya mara ya mwisho kuvuta, arosto inaanza: jasho, miayo, kamasi, tumbo kukata, kutapika, mwili kuuma hadi kwenye mifupa. Hupamba moto siku ya pili na ya tatu. Muuguzi asiyejua ataona mtu anafanya fujo, atamwongezea dawa za kutuliza, na mgonjwa atatoroka asubuhi kwenda kutafuta unga. Msiogope kwamba mnafichua siri ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri. Wanazuoni wameruhusu kutaja aibu ya mtu mahali pa haja, kama kwa mufti au kwa anayeweza kuondoa madhara, na tabibu yumo. Kinachokatazwa ni kuieneza mtaani.

Kisomo hakikatazwi. Mtume (S.A.W.) amesema hakuna ubaya katika ruqya maadamu hamna shirki, na ni yeye pia aliyesema tujitibu, kwa kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Fatiha, Ayatul Kursi, Ikhlas, Falaq na Nas, kwa sauti ya chini, kwa ruhusa yake, msomaji akiwa mama au wewe mwenyewe. Mkataeni msomaji anayempiga, anayemkaba, anayemnywesha maji ya chumvi mpaka atapike, au anayewaambia muache vidonge. Na mkimbieni kabisa anayemhoji “jini” aseme nani kamtuma. Mwenye saikosisi akibanwa hivyo atataja jina, na mara nyingi litakuwa la jirani au la mama. Hapo hofu isiyo na uso imepewa uso na mlango wa nyumba, na damu huweza kumwagika.

Methadoni sasa, dawa ya kunywa wanayopewa walionaswa na unga. Ni kweli iko katika jamii moja na heroini, na mtu asiyeizoea akiinywa inaweza kumuua. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Heroini hupanda kwa sekunde na kushuka kwa saa chache, ndiyo maana mtumiaji anakimbizana nayo mara tatu nne kwa siku. Methadoni hunywewa mara moja, hupanda taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku, kwa hiyo kwenye dozi iliyotulia halewi wala hapati arosto. Huanza kwa miligramu 10 hadi 30, si zaidi ya 30 siku ya kwanza, kisha huongezwa kidogokidogo kila baada ya siku kadhaa, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari, kwa sababu dozi ya jana bado imo mwilini inapokuja ya leo. Anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi anaweza kuacha kupumua. Waambieni wa kliniki pia kwamba alikuwa kwenye haloperidoli: dawa zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na huenda wakataka kumpima moyo kwanza.

Kifiqhi, ni dawa inayotolewa kwa kipimo, na mtaalamu, kuondoa madhara makubwa zaidi, na mnywaji hakusudii kulewa. Malaysia ilianza kuitoa mwaka 2005, na baadaye hata msikiti mmoja wa Kuala Lumpur ukawa kituo cha kuitolea. Ramadhani ikifika, muda wa kunywa huweza kuhamishiwa baada ya futari kwa kupanga na kliniki. Asiiruke wala asijigawie nusu.

Kuhusu toba, mwacheni afike mwenyewe. Sharti zake anazijua: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kurudisha haki za watu. Akiteleza tena, toba ya kwanza haikuwa ya uongo. Kulikuwa na mtu akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ulevi, mmoja akamlaani, Mtume akamkataza na kusema mlevi huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Baba asomewe hadithi hiyo, imo katika Bukhari. Ila kuna hatari ya kimwili ambayo toba haiiondoi: baada ya wiki chache bila unga, mwili umesahau, na kiasi alichokuwa akivuta zamani sasa kinaweza kumuua. Akikutwa amelala anakoroma kwa kina, midomo imegeuka bluu, pumzi zinahesabika, ni naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha unga) na gari la wagonjwa, akilazwa ubavu.

Kliniki nendeni na daftari: alivuta nini mara ya mwisho na saa ngapi, analala saa ngapi, hofu ilianza lini na je, iliwahi kuwapo kabla ya dawa, nani katika ukoo aliwahi kuugua akili, kama amewahi kujichoma sindano. Chukueni na pakiti ya haloperidoli kama baba hakuitupa yote, na mkiingia tu mtaje shingo kabla ya jambo lingine, ili asiandikiwe tena vidonge vilevile bila kinga yake.