Ipime hifadhi ya wingu lako ikiwa imepoteza diski

Wengi wanaojenga wingu binafsi huipima hifadhi yao kwa namna moja tu: wanaendesha rados bench, kipimo cha kasi kinachokuja na Ceph (programu inayounganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja), kwa dakika moja, wanapata namba nono ya megabaiti kwa sekunde, wanaituma kwa bosi, na kazi imekwisha. Nimejenga na kutunza klasta za Ceph, yaani makundi ya seva zinazofanya kazi pamoja, nami nakusihi usiishie hapo. Usipobadilisha kitu, namba hiyo inatokana na maombi 16 yanayotumwa kwa pamoja, kila moja likibeba megabaiti 4. Mashine pepe za watumiaji wako, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva, hazifanyi kazi hivyo. Hifadhidata huandika kilobaiti chache, husubiri ithibitishiwe kwamba zimefika mahali salama, ndipo huandika tena. Anachokihisi mtumiaji ni huko kusubiri.

Mimi huanzia chini kabisa, kwa diski moja moja, kabla Ceph haijasakinishwa. Chombo ni fio, programu ya kupima diski: bloku za 4k (vipande vya kilobaiti 4), maandishi ya nasibu (data inaandikwa huku na huko kwenye diski), ombi moja kwa wakati mmoja (iodepth=1, numjobs=1), bila kupitia kache ya mfumo endeshi (direct=1), na kusubiri uthibitisho wa kila andiko (fsync=1), kwa nusu saa. Kipimo hiki kinafuta kila kilichomo, kwa hiyo hakiki jina la diski kabla ya kubonyeza. Nusu saa ni kwa sababu SSD (diski za chipu) nyingi za bei nafuu zina eneo dogo la kache, yaani hifadhi ya muda, lenye kasi; likijaa, kasi inaporomoka, na kipimo cha dakika moja hakitakuonyesha anguko hilo.

Halafu kuna kapasita. SSD nzuri za seva zina kapasita ndogo zinazotunza umeme wa kutosha kumalizia kuandika yaliyomo kwenye kache hata umeme ukikatika ghafla. Ceph inapoiamuru diski ihifadhi data sasa hivi, diski ya aina hii hujibu papo hapo. SSD ya kompyuta ya nyumbani kwa kawaida haina kinga hiyo, kwa hiyo kila ikiamriwa inalazimika kuipeleka data hadi kwenye chipu zenyewe kabla ya kujibu. Nimewahi kuziweka diski za aina hizi mbili ndani ya seva moja: moja ilimaliza maelfu mengi ya maandishi kwa sekunde, nyingine ikahangaika kwenye mamia, ilhali kasi zilizochapishwa kwenye maboksi yao zilikaribiana. Bajeti ikibana, nunua diski ndogo zaidi, lakini usishuke daraja.

Nasisitiza hili kwa sababu ya jinsi Ceph inavyoandika. Kwa mpangilio wake wa kawaida inatunza nakala 3, na haimjibu mteja mpaka zote ziandikwe, kwa hiyo diski iliyo ya polepole kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo. Programu inayotuma ombi moja moja, kila ombi likichukua milisekunde 2, haitavuka maandishi 500 kwa sekunde hata ukiongeza seva 10.

Mtandao una hesabu yake pia. Waya wa gigabiti 10 hauwezi kupitisha zaidi ya gigabaiti 1.25 kwa sekunde, na kila anachoandika mteja kinasafiri tena mara mbili kati ya seva na seva ili nakala zitimie. Endesha iperf3, chombo cha kupima kasi ya mtandao, kati ya kila seva na kila seva, kwenda na kurudi. Kama umepandisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi baiti 9000, tuma ping -M do -s 8972 kila upande; -M do inakataza pakiti kukatwa vipande. Baiti 28 zilizosalia ni vichwa vya pakiti. Poti moja tu ya swichi ikisahaulika kwenye 1500, ping ya kawaida inapita vizuri huku data kubwa ikikwama, nawe utakesha ukiilaumu Ceph bure.

Klasta ikishasimama, pima ukiwa ndani ya mashine pepe, na kabla ya kupima usomaji, jaza diski pepe nzima kwa data. Mwenzangu aliwahi kuniletea kasi ya kusoma iliyozidi uwezo wa waya wenyewe. Diski yake ilikuwa mpya, na sehemu ya RBD (diski pepe ya Ceph) ambayo haijawahi kuandikwa haipo popote kwenye klasta. Mteja anarudishiwa sifuri tupu bila diski yoyote kuguswa.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Acha fio iendelee ndani ya mashine pepe kadhaa, kisha zima OSD moja, yaani programu ya Ceph inayosimamia diski moja. Usikimbilie kufurahi ukiona mambo yametulia, maana Ceph kwa kawaida husubiri sekunde 600 kabla ya kuihesabu diski hiyo kuwa imeondoka, ndipo inapoanza kujenga upya nakala zilizopungua. Msongamano unaanza hapo: diski zile zile zinawahudumia watumiaji na kunakiliana data kwa wakati mmoja. Usitazame wastani, tazama p99, yaani muda ambao ombi 1 kati ya 100 linauvuka. Wastani unaweza kubaki mzuri huku hifadhidata zikilalamika.

Baada ya hapo zima seva nzima. Ukiwa na seva 3 na kila moja inabeba nakala yake, Ceph haina pa kujengea nakala ya tatu. Itabaki na upungufu mpaka seva irudi. Ya pili ikianguka, data inabaki na nakala moja, na kwa min_size (idadi ya chini ya nakala zinazohitajika) ya 2 kusoma na kuandika vyote vinasimama. Monita, programu za Ceph zinazofuatilia hali ya klasta, nazo zikiwa 3 zinahitaji 2 zilizo hai ili akidi itimie. Ndiyo maana kwa kazi ya kweli napendekeza seva 4 kwenda juu.

Hesabu ya nafasi inatoka hapo hapo. Seva 4 zenye terabaiti 12 kila moja ni terabaiti 48. Gawa kwa nakala 3, unabaki na 16. Lakini ukitaka klasta ijiponye yenyewe seva moja ikifa, hesabu seva 3 tu: terabaiti 12. Ceph huanza kuonya diski ikifika asilimia 85 na kuzuia maandishi kwenye asilimia 95, basi ahidi watu terabaiti 10 na uzilinde.

Faili za fio zitunze kwenye Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili) pamoja na matokeo, toleo la Ceph, toleo la kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na aina ya diski. Kila unapopandisha toleo au kuongeza diski za aina nyingine, rudia vipimo vile vile bila kubadilisha hata mstari mmoja, ukianza na kile cha OSD iliyozimwa.