Uanze na albamu ipi ya bendi usiyoijua?

Umeuliza uanzie wapi bendi inapokuwa na albamu kumi na zaidi, na kama ni lazima kufuata miaka. Si lazima, na hapo ndipo wengi hukwama: albamu ya kwanza mara nyingi ni ya bendi ambayo bado inajitafuta. Chukua Fleetwood Mac. Albamu yao ya kwanza, ya 1968, ni bluzi, na gitaa la Peter Green liko mbele. Kufikia albamu ya Rumours ya 1977, Green alishaondoka, waimbaji na watunzi Stevie Nicks na Lindsey Buckingham wameingia, na waliobaki ni mpiga ngoma na mpiga besi tu. Jina moja, bendi mbili.

Kwa hiyo angalia kwanza nani yumo kwenye kila albamu. Mwimbaji au mtunzi mkuu akibadilika, hesabu kipindi kipya. Kisha chukua albamu yenye wimbo uliokuvutia, iliyoitangulia na iliyoifuata. Tatu zinatosha kuamua.

Mkusanyiko wa nyimbo maarufu utakuonyesha kipindi kinachokufaa, basi. Rekodi za miaka tofauti zikichanganywa, mtiririko hupotea. Albamu za jukwaani ziache baadaye, maana nyingi hudhani nyimbo unazijua tayari.

Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, sikiliza albamu nzima mara mbili au tatu, siku tofauti. Ukisikiliza mara moja utabaki na viitikio vyepesi tu, na nyimbo zinazohitaji muda zitakupita.