Achilles amekaa, "miguu myepesi" ya nini?

Ndugu, umeuliza kama Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, aliishiwa maneno katika utenzi wake wa Iliad, maana shujaa Achilles anaitwa "mwenye miguu myepesi" hata akiwa amekaa kambini. Hapana. Mstari wa utenzi huo una mapigo sita, na waimbaji wa jadi ile walitunga papo hapo mbele ya watu. Sifa iliyo tayari ilijaza nafasi huku mtu akiwaza mstari unaofuata. Hata merikebu zilizopandishwa ufukweni bado ni "za kasi"! Milman Parry, mtafiti Mmarekani wa tenzi za Homer, aliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia miaka ya 1930, akawakuta na mtindo huohuo.

Usiruke marudio, soma kwa sauti. Hector, shujaa wa mji wa Troy na adui wa Achilles, huitwa "mwenye kofia inayometameta". Sasa ngoja mwanawe mchanga aiogope kofia hiyohiyo, baba acheke, aivue, aiweke chini.